Maji ya Asubuhi na Maji ya Jioni

Kijiji cha Muhoro
2 Julai 1996

Ndugu Elinipa, Bwana Maji,

Habari za Kigoma mjini? Huku bondeni tuko wazima, tunameza vumbi tu. Barua hii anakuletea Dismasi wa lori la dagaa, pamoja na kadi ya vipimo ya mwezi wa sita.

Utaona mwenyewe kwamba mto umeshuka. Tarehe mosi Juni kipimo kilisoma sentimeta thelathini na nane asubuhi. Jana, thelathini na moja. Katika miaka saba niliyokusomea maji haya sijaona Julai ya namna hii. Asubuhi ukungu bado unalala juu ya mto kama kawaida, na ukisimama kwenye jiwe la kipimo huoni miguu yako. Ukisikiliza tu unaweza kudhani maji ni yale yale. Ukungu ukiondoka ndipo unaona mawe ambayo hukuwa unayajua.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Asubuhi saa tatu nasoma thelathini na moja. Jioni saa kumi na moja nasoma ishirini na tisa. Kesho yake asubuhi maji yamerudi. Hakuna mvua, na juu ya kipimo hakuna shamba la mtu wala bomba, ni chemchemi yetu tu na ile miti. Nani anakunywa sentimeta mbili mchana na kuzirudisha usiku? Nimekuwa nikiziandika miaka yote bila kuuliza, kwa sababu uliniambia niandike ninachokiona. Sasa watu wanauliza wao.

Wanasema ni wakimbizi. Tunazo kaya tisa kutoka Burundi, hazikwenda kambini. Moja ni ya Anatoli, ambaye ni mgeni wangu. Alifika mwaka juzi na mke wake Regina na mama yake mzee, nikamkatia kipande cha shamba langu nyuma ya nyumba. Kiha chetu na Kirundi chao tunasikilizana bila shida. Lakini mto ukishuka, mwenye lugha ya karibu anakuwa mtu wa mbali. Unajua kwetu mwenyeji ndiye anayejibu makosa ya mgeni wake, kwa hiyo mimi, katibu wa Kamati ya Mto, nasemwa kwa niaba ya kaya tisa.

Miti yetu inaendelea vizuri. Katika ile mikaratusi mia tatu uliyotuletea, mia na thelathini ilishika. Tisini na minne imezunguka chemchemi, thelathini na sita iko kwenye kijito cha pili, kile kinachoingia chini ya kipimo. Sasa ni mirefu kupita kanisa. Maharusi wanakuja kupigwa picha pale. Ukiingia chini yake mchana kuna harufu kama ya dawa ya kifua, na majani yanaongea polepole hata pasipo upepo. Nimezaa watoto watano, lakini hiyo miti naihesabu pia.

Nijibu kuhusu jioni.

Wako,
Veneranda, Katibu


Kigoma
14 Julai 1996

Shikamoo Mama Veneranda,

Kadi nimeipokea. Hakuna kituo kingine katika mkoa huu ninachopata kadi zake bila siku hata moja iliyorukwa. Wasomaji wengine huugua, husafiri, huoa. Wewe ulisoma hata siku uliyomzika mzee wako.

Mto kushuka ni kwa sababu ya mvua za mwaka huu, zilikatika mapema. Kuhusu jioni lisikusumbue. Mito midogo ina tabia hiyo wakati wa jua kali. Endelea kuandika unachokiona.

Hapa mjini hatulali vizuri kwa mambo ya ng'ambo. Juzi nilishuka ufukweni Katonga asubuhi kununua dagaa. Walikuwa wamewaanika kwenye mchanga mpaka kwenye maji, wanang'aa, ziwa nalo linang'aa, na sikuona mpaka ulipo kati ya samaki na maji. Katika mng'ao huo ukaingia mtumbwi. Ulikuwa na watu kama kumi na watano. Mwanamume mmoja alikuwa ameshika mlango, mlango wa mbao wa nyumba, una kitasa chake. Akaushusha, akausimamisha mchangani, akasimama kando yake kama anayesubiri kufunguliwa. Akina mama wa dagaa walimpisha, wakasogeza samaki wao.

Nilirudi nyumbani Kasingirima bila dagaa. Sijui kwa nini nakuandikia haya, kadi haina nafasi yake.

Mpe Anatoli salamu zangu. Nakumbuka ulisema ni fundi wa kujenga.

Mwanao,
Elinipa


Muhoro
17 Agosti 1996

Bwana Elinipa,

Miti imekatwa.

Nakuandikia kwa mpangilio ili usipotee. Tarehe kumi na tano ilikuwa Kupalizwa kwa Bikira Maria. Kijiji kizima tulikwenda parokiani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wakimbizi hawakuja, kwao ni Wapentekoste na siku hiyo ni siku ya kazi. Tuliporudi saa kumi alasiri niliona mwanga mahali pasipokuwa na mwanga. Nilidhani macho yangu yamechoka na jua. Nikaenda mpaka chemchemi. Mikaratusi yote tisini na minne ilikuwa chini, imepangwa kwa urefu, matawi upande mmoja, nguzo upande mwingine. Kazi safi. Wanaume tisa, mashoka manne. Anatoli alikuwa amekaa juu ya kisiki, anakula muhogo.

Aliponiona akasimama akanikaribisha. Akanikaribisha mimi, kwenye miti yangu.

Nikamwambia, "Anatoli, umefanya nini?"

"Nguzo, Mama. Wamekuja ndugu zetu wengine kumi na mmoja, wanalala nje. Tunawajengea."

"Sikukuambia miti ya mto isiguswe?"

"Uliniambia. Tazama." Akanionyesha kwa shoka. Mkuyu wa chemchemi upo. Miti yote ya zamani ipo, hata kichaka hawakukanyaga. "Hiyo ndiyo miti ya mto. Hii ni mikaratusi. Kwetu kila kilima kina mikaratusi, inapandwa ili ikatwe. Ikikaa miaka saba bila kukatwa watu wanakucheka, wanasema mwenye shamba amekufa."

Nilimpiga kofi. Nina miaka hamsini na nane na sijawahi kumpiga mtu mzima.

Mzee Gervasi, mwenyekiti wetu, alikuja na watu. Wakamchukua Anatoli, yuko katika ofisi ya kata, chumba cha mbegu. Wale wengine wamekatazwa kutoka nje ya viwanja vyao. Tarehe ishirini na nane Septemba kutakuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Neno lililopo ni moja: kaya zote tisa, na hao kumi na mmoja, zirudishwe zilikotoka. Si kambini. Mpakani. Wewe unaona mitumbwi inayotoka huko, unajua maana yake.

Nami nitasimama wa kwanza kusema waende. Usishangae. Katika mkutano wa jana Feliksi wa ng'ambo ya mto aliniuliza mbele ya wote, "Mama Katibu, mgeni wako anakula nini, ugali au msitu?" Watu wakacheka. Miaka saba nimebeba maji kichwani kumwagilia ile miti, kiangazi cha kwanza ndoo arobaini kwa siku. Mwenyeji akimtetea mgeni kwa kosa kama hili, ni kama amelitenda yeye.

Ninachotaka kwako ni barua yenye mhuri. Iseme kwamba miti ile ilikuwa ikilinda chemchemi na kuikata ni kuua mto. Neno langu wanalo tayari, wanataka neno la serikali.

Veneranda


Kigoma
25 Agosti 1996

Shikamoo Mama,

Pole. Pole sana.

Barua uliyoomba nimeiambatisha. Ina mhuri na sahihi.

Elinipa


Muhoro
12 Septemba 1996

Mwanangu Elinipa,

Barua yako yenye mhuri iko ndani ya sanduku langu, chini ya kanga. Sijampa Gervasi. Nitakuambia sababu, nawe utanijibu kama mtu anayemjibu mama yake.

Siku ya kukatwa miti, jioni, nilisoma kipimo kama kawaida. Asubuhi ishirini na mbili, jioni ishirini. Baada ya siku tatu: asubuhi ishirini na mbili, jioni ishirini na moja. Tarehe ishirini na tano Agosti: ishirini na mbili, ishirini na mbili. Nikasema nimekosea. Nikamwita Joanitha, binti yangu wa mwisho anayefundisha shule ya msingi, asome yeye bila mimi kumwambia kitu. Akasoma ishirini na mbili.

Tarehe mosi Septemba: ishirini na tatu asubuhi, ishirini na tatu jioni. Leo: ishirini na tano, ishirini na tano.

Hakuna tone la mvua lililoanguka tangu Mei. Mihogo imejikunja. Kuku wanatembea na midomo wazi. Na mto unapanda.

Jana jioni nilikaa pale muda mrefu. Visiki vimeanza kukauka, jua linaingia mpaka chini kwenye jicho la chemchemi, ambalo sikuwa nimeliona miaka mingi. Maji yanatoka kimya, yanainua mchanga mdogo mdogo, unazunguka, unatua, unainuliwa tena. Nilihisi kama nimeketi kando ya mgonjwa aliyekuwa akihema kwa shida, na sasa pumzi yake imekuwa sawa. Nilipaswa kufurahi. Niliogopa.

Kwa sababu Regina hupita mbele ya mlango wangu kila siku na chungu cha chakula cha Anatoli. Zamani alikuwa akinisalimu kwa Kirundi, "Amahoro, Mama." Sasa anapita anatazama mbele. Mama mkwe wake hatoki ndani. Na siku zimebaki kumi na sita.

Wewe umesoma. Unazo kadi zangu zote, themanini na zaidi. Ni nani aliyekuwa akinywa zile sentimeta mbili?

Mama yako,
Veneranda


Kigoma
19 Septemba 1996

Shikamoo Mama,

Ni mikaratusi.

Mti ule hunywa mchana, jua linapowaka, na hupumzika usiku. Ukipandwa mmoja mlimani hauna neno. Ukipandwa tisini na minne kuzunguka jicho la maji, unakunywa jicho lenyewe. Ndiyo maana mto ulikuwa ukishuka jioni na kurudi asubuhi. Miti ilipokuwa midogo tofauti ilikuwa haionekani kwenye kadi. Mwaka 1992 ikaonekana, nusu sentimeta. Mwaka 1994 ikawa sentimeta moja. Mwaka huu mbili. Niliichora kwenye karatasi. Mstari unapanda bila kupinda, kwa sababu msomaji hakuruka siku.

Nilijua tangu mwaka 1992.

Mwaka 1989 niliagizwa nipande miti elfu sita kwenye vyanzo vya maji, vijiji ishirini, na ionekane mikubwa kabla ya ukaguzi. Mikaratusi inakua haraka. Mkuyu ungechukua miaka ishirini. Nilichagua. Wakaguzi walikuja, wakapiga picha ya miti ya kwenu, ile yenye wewe na ndoo, nami nikapandishwa cheo. Ulipoanza kuniandikia jinsi unavyoipenda, niliona ni vigumu kusema. Kila mwaka ulipita nikaona ni vigumu zaidi. Ulipouliza mwezi wa saba, nilikujibu kuhusu ziwa.

Halafu uliomba mhuri, nami nikaupiga. Nilijua ni kwa ajili ya nini. Nilimaliza barua ile kwa dakika kumi, nikashuka mpaka ufukweni, nikatazama watu wakiteremka. Siku hiyo ilikuwa mitumbwi mitatu. Niliwahesabu kwa mazoea ya kazi. Arobaini na wanne.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili kwa mkutano wenu. Inasema haya yote, na jina langu. Haina mhuri. Nilimwonyesha mkuu wangu, akasoma mara mbili, akafungia mhuri kwenye droo. Alisema, "Elinipa, tuna vijiji vingine kumi na tisa." Ndivyo ilivyo. Vijiji kumi na tisa.

Uwongo wangu una mhuri, ukweli wangu hauna. Sina namna ya kuligeuza hilo kabla ya tarehe ishirini na nane. Dismasi ameahidi kufika kwako kwanza kabla ya kushusha mzigo.

Ukiamua kuisoma ile ya kwanza na kuichoma hii, hakuna atakayejua.

Elinipa


Muhoro
12 Oktoba 1996

Mwanangu Elinipa,

Nilisoma zote mbili.

Nilianza na yenye mhuri, nikaiinua waione. Wakapiga makofi. Kisha nikasoma ya pili. Ikawa kelele ya soko la Mwanga. Gervasi akasema barua isiyo na mhuri ni karatasi ya kufungia vitumbua. Mwingine akasema nimeiandika mwenyewe kumwokoa mgeni wangu. Feliksi akasimama, akashika kiuno: "Yaani mwizi ndiye Kamati ya Mto, na Kamati ya Mto ndiyo mwizi? Mama, tuandikie na hiyo."

Anatoli alikuwa amekaa chini, mbele, kati ya mgambo wawili. Alikuwa amekonda. Hakunitazama.

Nikawaambia: msiamini barua, wala msiniamini mimi. Ilikuwa saa tatu kasoro robo asubuhi. Kwenye kijito cha pili mikaratusi thelathini na sita bado imesimama. Twendeni tukae.

Walikataa. Nikaenda peke yangu na Joanitha. Nikachomeka kijiti kwenye kijito cha pili, nikakikata alama pale maji yalipofika. Nikachomeka kingine chini ya chemchemi, kwenye visiki, nacho nikakikata alama. Nikakaa katikati. Baada ya muda akaja Feliksi, nadhani kunicheka, akakaa. Wakaja wanaume wengine, na wake zao na watoto. Kufikia saa sita kijiji kizima kilikuwa kimekaa kwenye majani kikitazama vijiti viwili. Mgambo walimleta Anatoli kwa sababu hawakutaka kubaki peke yao.

Sijawahi kuona siku ndefu kama ile, wala tulivu. Mikaratusi ilikuwa ikinong'ona juu ya wale waliokaa kivulini, na mimi niliijua sauti ile kama ya watoto wangu, na nilikuwa nikiisikiliza ikinywa. Watu walisinzia. Watoto walicheza wakachoka, wakalala mapajani. Mama mmoja alikuja na kapu la viazi vikuu, likazunguka, likafika kwa mgambo, likafika kwa Anatoli, akachukua kimoja. Kereng'ende alitua juu ya kijiti cha kwanza, akakaa mpaka Feliksi akasema, "Na huyu ni mkaguzi?" Hakuna aliyecheka kwa sauti. Baadaye alisema tena, kana kwamba anajisemesha, "Tulikuja kumhukumu mtu, tumekaa tunahukumu maji."

Saa kumi na moja Gervasi mwenyewe alivua viatu akaingia. Kwenye visiki maji yalikuwa pale pale kwenye alama. Kwenye kijito cha pili alama ilikuwa hewani, upana wa kidole kimoja. Alikipima kwa kidole chake. Akapima tena kwa kidole cha mkono mwingine.

Wamemwachia. Kaya zote zinabaki, na wale kumi na mmoja. Nguzo wamerudishiwa.

Mkutano ukaazimia Anatoli na wenzake wamalizie ile thelathini na sita. Gervasi alilisema kama zawadi. Anatoli akasimama, akajipangusa majani, akasema kwa heshima kabisa, "Mzee, miti yenu, shoka lenu." Akaondoka.

Kwa hiyo tumeikata sisi, Kamati ya Mto, wanawake kumi na moja na Feliksi. Ilituchukua siku nne. Wa mwisho niliukata mimi. Visiki vitachipua, najua, tutarudi kuvikata. Barua yako hiyo isiyo na mhuri Joanitha anaiandika upya kwa mkono mara kumi na tisa, Dismasi ameahidi kuisambaza njia nzima. Labda watakufukuza kazi. Ukitaka niwazuie, niambie kabla ya Jumatano. Usipojibu nitajua umekubali.

Kuhusu wewe na mimi, sijui bado. Nilisoma barua yako kwanza kama karani, halafu kama mama, na kwa namna zote mbili nilikasirika. Kadi ya Septemba imo humu ndani.

Anatoli amehama shambani kwangu. Amejenga ng'ambo ya mto, kwenye ardhi ya Feliksi. Mwenyeji wake sasa ni Feliksi, ambaye hajawahi kumpiga kofi. Kwetu, mwenyeji aliyemkosea mgeni huenda mwenyewe mpaka uani kwake, hatumi mtu, haketi mpaka apewe pa kuketi. Nilikwenda Jumapili, nikasimama. Nilikwenda Jumanne, nikasimama. Mlango ulikuwa wazi, niliwasikia wakiongea ndani, na sauti ya mama mzee akikohoa.

Jana nilikwenda tena. Regina akatoka na kigoda, akakiweka kivulini karibu na jiko, akarudi ndani. Nikakaa. Jua lilitoka upande mmoja wa ua likafika upande mwingine, moshi wao ukanipitia, kuku wao wakanizoea. Anatoli hakutoka.

Lakini kigoda nilipewa. Kesho, nikimaliza kusoma ya asubuhi, naenda kukaa tena.

Veneranda